Vitu vya Kale vya Kilima cha Ndunda

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na kama kwenye ramani yako imo, hilo ni shauri lako na aliyekuuzia. Mimi nilipita tu. Nilikaa miezi minane, nikala ugali wao, nikafukuzwa mara mbili, na sina kinyongo na mtu. Nasema niliyoyaona, na machache niliyoambiwa na watu wasio na sababu ya kudanganya kwa kuwa hawana cheo cha kulinda.

Serikali ya nchi hiyo inapenda mambo ya kale kuliko serikali yoyote niliyowahi kuishi chini yake. Ina Wizara ya Mambo Yaliyopita, jengo la ghorofa kumi na moja. Hospitali ya mjini wagonjwa watatu wanalala kitanda kimoja, lakini ukitaka kujua babu wa babu yako aliugua nini, kuna idara nzima, ina mkurugenzi na mazulia.

Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Shekuwe Ngulumbi. Alikuwa mtu mpole wa sauti, maana hajakatizwa kauli tangu apewe gari. Siku aliyotangaza mradi wa Ndunda nilikuwa nimesimama nyuma ya waandishi wa habari, kwenye kivuli chao.

"Ndugu wananchi," alisema, "watu wa Ndunda ni hazina yetu. Desturi zao hazina mfano. Kwa hiyo tumeamua kuwajengea jumba la makumbusho juu ya kilima chao hichohicho, dunia ije iwaone. Na ni wazi kwamba hatuwezi kuwaenzi watu wa Ndunda wakati bado wamekaa pale."

Waandishi waliandika. Hakuna aliyecheka, nami sikucheka, nilikuwa mgeni.

Basi watu mia mbili na kumi na wanane walipewa hadi Ijumaa, saa nne asubuhi, wawe wamehama. Wangepelekwa Bonde la Chumvi. Huko serikali ilikwisha kuwatayarishia kijiji, yaani bango lenye jina la kijiji.

*

Kilikosekana kitu kimoja tu: Kigoda cha Ndunda. Zamani mtawala wa Ndunda alikuwa na siku moja kila mwaka ya kukalia kigoda hicho mbele ya watu wote. Yeyote, hata mtwana, aliweza kusimama akamwambia makosa yake. Mtawala haruhusiwi kujibu, wala kuinuka, mpaka wa mwisho amalize. Mheshimiwa alitaka kukikalia siku ya ufunguzi, televisheni ikimwonyesha. Kwenye ratiba, sehemu ya kuambiwa makosa ilikuwa imeondolewa kwa ufinyu wa muda.

Kazi ya kukitafuta akapewa Daktari Somoe Ngalapa, mwanaakiolojia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye kovu kidevuni na mwiko wa kuchimbia kiunoni. Magazeti yalikuwa yakimpamba sana. Alishatumbukia kisima chenye chatu akatoka na chungu cha miaka elfu, chatu akabaki. Alishavuka jangwa kwa miguu akifuata shanga tatu. Hajawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miezi mitatu, na nyumba yake, wakimwuliza, alisema ni begi. Mtu wa namna hiyo namwelewa.

Wizara ikampa pikipiki, barua yenye mihuri mitano, na ramani ya pango. Habari za kigoda aliambiwa zote. Habari za kuhamishwa watu hakuambiwa, kwa kuwa yeye ni mtaalamu wa mambo ya kale na watu wale walikuwa bado hai.

*

Jumanne akaingia pangoni. Saa tatu nzima alitambaa kwa tumbo. Popo walimpiga usoni, jiwe likamponyoka chini ya mguu likaanguka kwenye shimo ambalo hakusikia mwisho wake. Kwenye kona ya ndani kabisa akaona maandishi ukutani. Moyo ukamwenda mbio. Akapuliza vumbi, akasogeza tochi, akasoma: "Kamati ya Uchunguzi ilifika hapa na kuahirisha kikao."

Alikuwa bado anatukana, na nasikia anayajua matusi ya lugha sita, aliposikia mtu anaita kutoka mlangoni pa pango.

"Wewe mwanangu, umepoteza nini humo? Unanitishia mbuzi."

Ndiye Bibi Namtwiko, mkubwa kwa umri pale Ndunda. Somoe akatoka kinyumenyume, akapiga shikamoo yenye vumbi, akaeleza anachotafuta.

"Marahaba," akasema bibi. "Humo kuna popo tu. Kigoda nakikalia mimi, kiko jikoni. Njoo ule kwanza."

Na kweli kilikuwa jikoni, cheusi kwa moshi, kimekatwa katika gogo moja, miguu mitatu, mmoja umelika kidogo. Pembeni kulikuwa na sufuria ya mlenda. Somoe akapiga magoti kwenye majivu akakipapasa chini, akazikuta alama za mchongaji. Alipouliza kimefikaje jikoni, bibi akamweleza kwamba mtawala wa mwisho aliambiwa makosa yake kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, akainuka kabla ya wakati akaenda zake, na hakuna mwanamume mwingine aliyetaka kukaa. Wakaona kipelekwe jikoni, kwa kuwa anayekaa jikoni huambiwa makosa yake kila siku, ameshazoea.

Halafu bibi akachomoa karatasi iliyochomekwa kwenye makuti akamwomba amsomee. Mjumbe wa serikali aliisoma mbio kama mtu anayefukuzwa, na wao hawakushika vizuri. Somoe akaisoma pole pole. Ijumaa, saa nne. Bonde la Chumvi. Atakayekaidi ataondolewa pamoja na nyumba yake. Chini kulikuwa na mihuri mitano, ileile iliyokuwa kwenye barua iliyomo mfukoni mwake.

"Waliokutuma wewe ndio hawahawa?" akauliza bibi.

"Ndio hawahawa."

Bibi akamwongezea ugali kwenye sahani.

*

Nchi ile ina sheria nzuri sana. Waziri mwenyewe ndiye aliyeitunga, baada ya wageni fulani waliokuja kufanya urafiki kuondoka na sanamu nne. Inasema kwamba kitu cha kale kikishasajiliwa mahali kilipo, basi hicho na vyote vilivyokutwa nacho havitahamishwa, havitaguswa, havitaoshwa, havitakarabatiwa wala kukerwa kwa namna yoyote. Adhabu ni miaka kumi na minne, bila dhamana. Bunge lilipiga makofi dakika tisa. Haikuwahi kumdhuru mtu, kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kusajiliwa.

Somoe alikuwa anaijua. Jumatano mchana alikuwa keshafika mjini, ghorofa ya kumi na moja, kwa ngazi, mbele ya meza ya Bwana Likwata, Msajili wa Vitu vya Kale. Bwana huyu alikaa kwenye kiti hicho miaka kumi na tisa akiwa na muhuri, daftari kubwa, na sanduku la lebo za karatasi ngumu zenye uzi wa katani. Muhuri ulikuwa mpya. Hakuwa mtu mbaya wala mtu mwema. Alikuwa mtu wa fomu.

Fomu ilitaka cheti cha kuzaliwa cha kitu chenyewe. Kama hakuna cheti, mashahidi wawili walioshuhudia kikitengenezwa. Somoe akaeleza kwamba kigoda kina miaka mia nne. Bwana Likwata akampa pole, akasema ndiyo maana wengi hukwama hapo. Akamshauri atafute kitu cha kale ambacho si cha zamani sana.

Walibishana mpaka ofisi ikafungwa. Alhamisi akarudi, akawa na swali moja tu.

"Bwana Msajili, fomu inasema mashahidi lazima wawe hai?"

Bwana Likwata akavua miwani, akaipangusa, akaisoma fomu mbele na nyuma. Haikusema. Somoe akaandika: Nankumbi, mchongaji, na Atupele mkewe, majina aliyopewa na Bibi Namtwiko pamoja na ukoo wao wote kushuka mpaka kwa yule aliyekuwa akipalia mihogo nje. Kwenye nafasi ya sahihi kulikuwa na maneno: "Kama hakufika, toa sababu." Akaandika: amefariki.

"Hiyo ni sababu ya kutosha," akasema Msajili. Halafu akainuka, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na karani wa chumba cha pili akaacha kutafuna. "Sasa sheria inanitaka nikakione kilipo. Una usafiri?"

Karani akamaliza kutafuna, akamwita Mheshimiwa kwenye simu.

*

Ijumaa asubuhi, basi, barabara ya Ndunda ilikuwa na misafara miwili. Mbele pikipiki: Somoe anaendesha, nyuma Bwana Likwata kwa suti, sanduku la lebo mapajani, daftari amelipakata kifuani kama mtoto mchanga, anauliza kila kona kama mwendo huu unaruhusiwa. Nyuma yao gari la polisi, gari la Mheshimiwa, gari la televisheni, na tingatinga mbili juu ya lori. Polisi walikuwa na hati ya kumkamata Somoe kwa kosa la kuiba mali ya serikali kwa njia ya kuiacha ilipo.

Risasi mbili zilipigwa. Moja ilipasua kioo cha pembeni. Nyingine ilimpata ng'ombe, ambaye baadaye aliandikwa kuwa alikuwa anakimbia.

Wakafika mtoni. Kwenye mto ule pana daraja ambalo Mheshimiwa alikuwa ameshalifungua mara tatu. Mkasi, utepe, ngoma, vyote vilifika kila mara. Kilichokuwa hakijafika ni daraja. Somoe aliyajua mambo ya pale, akashuka kwa chini penye mawe, maji mpaka magotini, Bwana Likwata kalinyanyua daftari kichwani. Nyuma yao dereva wa gari la polisi akafunga breki ukingoni. Akageuka kumtazama mkubwa wake. Mkubwa wake akageuka kumtazama Mheshimiwa kwenye gari la nyuma. Mheshimiwa akafungua kioo na kuuliza wanasubiri nini.

Nani angemwambia? Mtu mmoja tu katika nchi ile alikuwa haruhusiwi kujua kwamba daraja halipo, naye ndiye aliyelifungua. Dereva akasema ndiyo mzee, akakanyaga mafuta. Gari la polisi likaingia mtoni kwa pua. La Mheshimiwa likafuata kwa nidhamu, na la televisheni nyuma yake. Lori lilikuwa na akili zaidi, likabaki. Tingatinga zikashushwa zizunguke kwa juu, mwendo wa saa mbili, kwenye kivuko cha mbuzi.

Saa mbili hizo zilimtosha Bwana Likwata.

*

Aliingia jikoni, akavua viatu. Akakitazama kigoda. Akagonga muhuri. Akaandika: namba moja, kigoda. Akafunga lebo kwenye mguu ule uliolika.

"Basi imekwisha," akasema Somoe, akikaa chini.

"Haijaisha," akasema Msajili, tena kwa ukali kidogo. "Sheria inasema na vyote vilivyokutwa nacho. Kilikutwa kimekaliwa na nani?"

Somoe akamtazama mtu huyu. Hata yeye, na ujanja wake wote, alikuwa amefikiria sufuria na nyumba tu. Bibi Namtwiko akanyoosha shingo. Namba mbili, bibi mmoja, mzima, ana meno tisa. Namba tatu, sufuria. Halafu wajukuu wa bibi, halafu mlango, halafu jirani aliyekuja kuomba chumvi, na nyumba ya jirani, na kila aliyekuwemo humo, mbuzi kwa mbuzi. Neno lilizunguka kilima. Watu wakapanga mstari, wamama wakawafuta watoto nyuso, wazee wakauliza kama lebo inaumiza. Mtoto mmoja wa siku nne aliandikwa: kipande kidogo, kina kelele.

Alipofika namba mia sita na tatu tingatinga zilikuwa zinasikika. Alibaki Somoe, amesimama kwenye kizingiti.

"Nawe ulikutwa hapa," akasema Msajili. "Lakini nikuambie kabla sijafunga uzi. Kitu kilichosajiliwa hakiondoki. Si mwaka huu wala mwaka ujao. Hakuna jangwa tena, Daktari."

Alitazama pikipiki yake. Alitazama barabara yote mpaka inapokatikia. Hapo mimi ningekimbia, nasema ukweli. Yeye akainamisha kichwa, akasogeza nywele zake.

Namba mia sita na nne: mwanamke mmoja na mwiko wake.

*

Mheshimiwa alifika akiwa na tope mpaka kwenye tai. Aliamuru watu waondolewe. Kamanda wa polisi akamwendea Bibi Namtwiko aliyekuwa kakaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akamshika, yaani alitaka kumshika, mkono ukabaki hewani. Akainama akasoma. Akarudi nyuma hatua tatu.

"Mheshimiwa," akasema, "ana lebo."

Mheshimiwa akasema basi mkamateni Ngalapa. Naye ana lebo. Basi bomoeni nyumba. Dereva wa tingatinga akazima injini, akasema ana watoto watano, miaka kumi na minne ni mingi, mzee. Mheshimiwa akamgeukia Bwana Likwata akamwamuru afute. Bwana Likwata akajibu kwamba fomu ya kufuta ipo, ila inahitaji mashahidi wawili watakaokuwepo kitu kikiacha kuwa cha kale.

Wa televisheni walikuwa wameokoa kamera moja. Ilikuwa inawaka.

Hapo ndipo bibi aliposema. Hakuinuka wala hakupandisha sauti.

"Wewe Shekuwe. Baba yako alifika hapa mwaka wa nzige, mama yangu akamlisha kwenye jiko hili hili. Hatukudai shukrani. Lakini daraja ulilolifungua, mwanangu Lipande alifia upande wa huku, gari la wagonjwa liko upande wa kule, dereva anaambiwa kwenye simu apite darajani. Mara ya pili ulipokuja na mkasi nilikuja na picha yake. Walinzi wako wakaniambia nisiharibu sherehe. Sasa nakuambia. Wewe ni mwongo, na ni mwongo mvivu, maana hata uongo wako watu wengine ndio wanaubeba. Nimemaliza la kwanza."

Alikuwa na mengine kumi na saba. Nyuma yake mstari ulikuwa umeanza kupangwa, kila mtu na lebo yake kifuani. Polisi walisimama wakitazama viatu. Kukikatiza kitu cha kale kinaposema ni kukikera, na jambo hilo limeandikwa. Mheshimiwa hakuwa na gari la kuondokea. Alisimama juani akasikia yote, mpaka wa mwisho, mpaka yule aliyetaka tu kumwambia kwamba viatu vyake ni vibaya.

*

Serikali haishindwi. Wiki iliyofuata ilitangaza kwamba makumbusho yamekamilika kabla ya muda. Kilima kizima kikazungushiwa kamba. Bwana Likwata akapandishwa cheo na kuhamishiwa Bonde la Chumvi akasajili lile bango. Langoni pakawekwa maandishi ya rangi ya dhahabu: "Watu wa Ndunda. Walikuwa wakiwaambia wakubwa makosa yao. Desturi hii imetoweka."

Wageni walianza kuja siku ya kwanza. Wanasimama nje ya kamba, wanasoma maandishi, halafu wanasikiliza. Ndani, watu wa Ndunda wanapalia mihogo na kusema wanavyotaka juu ya bei ya unga, mahakama, na mtoto wa nani kapewa kazi gani. Hakuna polisi anayevuka. Mwalimu mmoja alikuja na darasa lake Jumatatu, akaja peke yake Jumanne, Jumatano akaja na mkewe na godoro.

Nilimwona Daktari Somoe kabla sijafukuzwa mara ya pili. Alikuwa anachimba choo, kwa mwiko uleule, anatukana kwa lugha ya nne. Nilimuuliza kama hajutii barabara. Akasema anaijutia kila siku asubuhi, na kwamba nisimkere, nitafungwa.

Wizara sasa ina tatizo ambalo bado linachunguzwa. Kila wakaguzi wakija kuipima kamba, wanaikuta imesogea nje, hatua ishirini, hatua thelathini. Watu wa Ndunda wanaapa hawajaigusa, na ni kweli, wao hawaruhusiwi hata kuifikia. Wanaoisogeza ni wa upande wa nje. Nilipokuwa naondoka ilikuwa imeshavuka mto. Barua niliyoipata mwezi uliopita inasema imefika sokoni, na wauza nyanya wanaibishania iingie mtaa gani kwanza.